Mvua ya Mlimani na Kalamu ya Mpaka

Hapa Nyakabere mvua ya mlimani haihitaji mtangazaji. Anga letu linaweza kuwa jeupe, nguo zimeanikwa, watoto wako uwanjani na mpira wao wa makaratasi. Lakini mama aliyekwenda mtoni akirudi na ndoo ya maji yenye rangi ya chai ya maziwa, kila mtu anajua huko juu imenyesha. Akirudi na ndoo tupu, akasema mto umeanza kubeba vijiti na migomba, wenye nyumba za karibu na kingo huanza kutoa magodoro nje. Milima ya Mitumba iko magharibi yetu, na ukanda huu tambarare unaoshuka hadi Uvira na ziwani umejengwa na vitu vilivyotoka juu: udongo, mchanga, mawe, maji, na siku hizi makala, yaani mkaa, ndani ya mifuko.

Kwa hiyo mtu angetazamia kwamba mjadala wa msitu wa mlimani ungekuwa wa watu wote wa teritwari ya Uvira, kuanzia mfugaji wa Bijombo hadi muuza ndagala wa Kalundu. Sivyo ulivyo. Mjadala huo umekuwa wa watu wachache: waziri, gavana, mashirika ya uhifadhi, wami (watawala wa kimila) na wakuu wa vijiji vinavyopakana na msitu. Katika miaka ya karibuni mlango umefunguliwa zaidi kidogo. Humu nitapima umefunguliwa kiasi gani, kwa nani, na nani bado yuko uani.

Msitu wenyewe ni Itombwe. Safu yake inaanzia juu ya Uvira, inakwenda magharibi na kusini kupitia Mwenga na Fizi, na kilele chake, mlima Mohi, kina mita 3,475. Ni miongoni mwa misitu mikubwa zaidi ya milimani iliyobaki Afrika bila kukatika vipandevipande. Wataalamu wameujua siku nyingi. Rudolf Grauer, mtu wa Austria, alipeleka Ulaya mafuvu na ngozi za sokwe wakubwa kutoka milima hii mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1914 aina hiyo ya gorila ikapewa jina lake. Mwaka 1951 Alexandre Prigogine alipata huko bundi mmoja ambaye sayansi haikuwa imemwona, na ilipita karibu nusu karne kabla hajashikwa wa pili. Bundi huyo ana jina la Prigogine kwenye vitabu. Kwa Kibembe na Kifuliiru nadhani alikuwa na jina zamani, ila hakuna aliyeuliza.

Mambo yaliendelea hivyo hivyo hata serikali ilipofika. Tarehe 11 Oktoba 2006 waziri wa mazingira huko Kinshasa alitia sahihi amri ya kuanzisha Hifadhi ya Asili ya Itombwe. Amri haikuwa na mipaka iliyopimwa ardhini, na watu walioishi ndani ya eneo hilo hawakuulizwa. Babembe, Balega, Banyindu, Bafuliiru, Bavira, Banyamulenge na Batwa walilala wenyeji wakaamka wakiwa ndani ya hifadhi, na wengi wao walipata habari baada ya miezi. Haikusemwa shamba gani limo na lipi halimo, wala makaburi ya nani yamebaki ndani.

Hofu iliyofuata haikuwa ya kubuni, maana jirani kulikuwa na mfano. Kahuzi-Biega, karibu na Bukavu, ilianza mwaka 1937 kama hifadhi ya wanyama na misitu, ikawa mbuga ya taifa tarehe 30 Novemba 1970, na mwaka 1975 ikapanuliwa kutoka hekta 60,000 hadi 600,000. Batwa waliokuwa ndani walitolewa bila fidia na bila ardhi ya badala. Mwaka 1980 mahali hapo pakaandikwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Waliofukuzwa wakabaki kandokando, vibarua kwenye mashamba ya watu. Oktoba 2018 baadhi yao walirudi msituni kwa nguvu, na kilichofuata ni miaka ya vifo, nyumba kuchomwa, na miti kukatwa kwa ajili ya makala. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu imekwisha kuamua kwamba serikali ya Kongo ilivunja haki za Batwa hao, na uamuzi huo ulitangazwa mwaka 2024, karibu miaka hamsini baada ya kupanuliwa kwa mbuga. Kenya imepata somo la namna hiyo. Mahakama ya Afrika ilitoa hukumu ya Waogiek wa msitu wa Mau mwaka 2017, na ya fidia yao mwaka 2022.

Kwa hiyo wazee wa Itombwe walipokataa hifadhi, hawakuwa wakikataa gorila. Walikuwa wameona yaliyowapata watu wa Bunyakiri na Kalehe, kandokando ya Kahuzi-Biega.

Kilichofanyika baada ya hapo hakisimuliwi sana, nami nadhani ni moja ya kazi bora zilizowahi kufanywa Kivu Kusini katika mambo ya ardhi, pamoja na kasoro zake zote. Badala ya kutuma askari wa hifadhi kwenda kuweka alama, ICCN, taasisi ya serikali ya kuhifadhi asili, na mashirika yaliyokuwa yakifanya kazi huko, yakiwemo WCS na WWF pamoja na vikundi vya wenyeji, walirudi kuanza upya na kijiji kimoja kimoja. Ramani zilichorwa na watu wenyewe. Mwaka 2016 gavana wa Kivu Kusini alitia sahihi mipaka mipya: kilomita za mraba 5,732, sehemu ndogo ya kile ambacho amri ya 2006 ilikuwa imekifunika. Ndani yake eneo likagawanywa: pa kuhifadhiwa kabisa, pa kutumiwa kwa masharti, na pa kulima na kuishi.

Mtu ambaye hajawahi kuhudhuria kazi ya kuchora ramani ya namna hiyo anaweza kuidharau. Huanza chini, uwanjani, kwa fimbo. Mzee mmoja anachora mto. Mwingine anaufuta kwa kiatu, anasema umepindia huku. Majani yanawekwa kuwa msitu, mawe kuwa vijiji, majivu kuwa mashamba yaliyoachwa. Vijana wanakopi kwenye karatasi kubwa. Halafu ndiyo wanapanda mlimani na kifaa cha GPS, siku tatu, nne, mguu kwa mguu na wazee hao hao, kupata namba za kila kilima na kila chemchemi. Na hapo ndipo ugomvi wa kweli huanza, maana jirani wa ng'ambo naye ana wazee wake na fimbo yao. Mpaka ambao babu wawili waliumaliza kwa mbuzi na kibuyu cha pombe, sasa unatakiwa kuandikwa kwa digrii na dakika. Nimeona kikao kikivunjika kwa ajili ya mti mmoja uliokwisha kuanguka.

Ila ugomvi huo ndio thamani ya kazi. Msitu uliopangwa bila ugomvi, kwangu mimi, ni msitu uliopangwa na mtu mmoja.

Lugha yetu yenyewe inatutega hapa. Tunasema wananchi "walishirikishwa". Neno hilo limejengwa kwa namna ambayo mtendaji yuko pembeni, hatajwi, lakini yupo: kuna mtu aliyewashirikisha. Kushiriki ni kitendo cha mwenye jambo, na kushirikishwa ni fadhila. Mimi nimezoea kuuliza, kila ninaposoma ripoti ya kikao, watu hawa waliarifiwa, waliulizwa, au waliamua? Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein alipanga mambo hayo kama ngazi yenye vidato vinane, chini kabisa ukiwa udanganyifu na juu kabisa wananchi kushika madaraka. Vinane ni vingi kwa matumizi ya kawaida. Huku kwetu vitatu vinatosha, na vikao vingi haviondoki kwenye cha kwanza.

Kuna vikao ambavyo hata kidato cha kwanza havijakifikia. Nilikaa katika kimoja, kwenye ukumbi wa kanisa, bati likilia kwa joto. Shirika lililotuita silitaji. Orodha ya mahudhurio ilipita kwanza, kabla hata ya kuambiwa tumeitiwa nini: jina, kijiji, namba ya simu, sahihi. Kijana wa mradi alizungumza Kifaransa kwa picha za ukutani, na mfasiri akafupisha kila dakika tano kwa sentensi mbili. Walisema "plan simple de gestion", yaani mpango rahisi wa usimamizi, mara nyingi sana, na mfasiri akaacha kuitafsiri. Tukapewa soda na biskuti. Mwishoni mama mmoja aliyekuja na mtoto mgongoni akauliza: huo mpango mnaouongelea, tumekuja kuutunga au tumekuja kuusikia? Vicheko. Kijana akajibu kwamba swali ni zuri na litaingia kwenye ripoti. Pesa ya usafiri ikatolewa, tukatia sahihi tena. Sijui kama swali liliingia. Sahihi ziliingia, hilo nina hakika.

Sheria, kwa haki yake, imetangulia mbele ya mazoea. Kanuni ya Misitu ya tarehe 29 Agosti 2002, katika kifungu chake cha 22, ilitamka kwamba jamii ya wenyeji inaweza kupewa msitu inaoushika kwa mila uwe konsesheni yake kisheria. Ilichukua miaka 12 kabla amri ya kutekeleza kifungu hicho kutoka, Agosti 2014, na nyingine ya usimamizi ikafuata Februari 2016. Kwa mujibu wake jamii inaweza kuomba hadi hekta 50,000, bure, na kwa muda usiokuwa na kikomo. Jamii inaunda mkutano wake mkuu, kamati ya usimamizi, kamati ya kukagua, na baraza la wazee. Mwaka 2014 huo huo, sheria ya kuhifadhi asili ilidai kwamba hifadhi mpya isianzishwe kabla ya wananchi kusikilizwa. Na sheria ya Julai 2022 ikawapa watu wa asili, Batwa wa kwetu wakiwemo, ulinzi wa haki zao kwa jina lao.

Ukiweka karatasi hizi mezani pamoja na za jirani, Kongo haioni haya. Tanzania ilikuwa na sera mwaka 1998 na sheria mwaka 2002, Kenya sheria mwaka 2005 na nyingine mwaka 2016, Uganda mwaka 2003. Kote huko mwanakijiji anatajwa. Tofauti ni kile anachopewa baada ya kutajwa.

Duru-Haitemba, katika wilaya ya Babati, ndiyo hadithi ninayoirudia mara nyingi kwa watu wanaosema wanakijiji hawawezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Tanzania ilitaka kuifanya misitu ya vilima vile kuwa hifadhi ya misitu ya serikali, na wapimaji walikuwa wamekwisha kuanza kazi. Vijiji vikapinga. Baada ya mazungumzo marefu, kufikia mwaka 1994 vijiji vinane vilikabidhiwa msitu, kila kimoja kipande chake, kila kimoja kikiwa na sheria ndogo na walinzi wake. Waliokuwa wakikata ndio waliojua wapi watu hupita na kuni usiku, na ulinzi ukawa mwepesi. Sehemu kubwa ya sera iliyofuata Tanzania ilijifunza hapo.

Ila Tanzania hiyo hiyo ina upande wa pili. Kwenye misitu ya milimani iliyobaki mikononi mwa serikali, kama Uluguru na Udzungwa, wanakijiji walialikwa kuwa "wabia". Walilinda, walizima moto, walikamata wapasuaji mbao. Kuhusu mgawo wa mapato, makubaliano mengi yalikaa ofisini miaka bila kutiwa sahihi, kwa sababu sheria haikusema nani achukue ngapi. Milimani shida huwa kubwa zaidi kwa sababu msitu wa thamani kubwa ya maji na viumbe ndio ambao hauruhusiwi kuvunwa. Mwanakijiji wa nyanda za chini akipewa msitu ana mbao za kuuza. Wa mlimani anapewa ukungu na tumbili.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi wanaoandika juu ya jambo hili. Wao husema tatizo la Itombwe ni kwamba wenyeji wa msituni hawakualikwa vya kutosha. Ni kweli, lakini ni nusu. Nusu ya pili ni kwamba sisi wa chini hatujaalikwa kabisa, na kutoalikwa kwetu kunatufaa, kwa sababu asiyealikwa hadaiwi.

Angalia mfuko wa makala. Umejazwa hadi mdomo haufungiki, ukarefushwa kwa majani makavu na kamba za migomba, ukafika kimo cha kifua cha mtu. Umeshuka usiku au alfajiri, mgongoni kwa mama, kwa baiskeli, au kwa pikipiki pale njia ilipo. Sokoni mnunuzi anaugonga kwa mguu asikie kama chini mmejaa vumbi. Ukilia kama vigae, ni mti wa mlimani, mti mgumu, unakaa na moto. Ukiwa mwepesi na unalipukalipuka ni mkaratusi. Kila mpishi wa Uvira anajua tofauti hiyo, na anajua yupi ataulipia zaidi. Basi anayepanga msitu, kwa vitendo, ni mpishi. Anapiga kura kila asubuhi na hakuna mkutano uliowahi kumwita. Wanaoitwa ni wachomaji, kuhamasishwa waache, kana kwamba wanachoma kwa kupenda moshi.

Halafu maji. Mji wa Uvira unakatwa na mito inayoporomoka kutoka Mitumba: Kavimvira, Mulongwe, Kalimabenge na mingine. Mtambo wa REGIDESO, shirika la maji la serikali, huchota maji ya Mulongwe ili kuyasafisha na kuyagawa mjini, katika mji ambao kipindupindu hakijauacha miaka mingi. Maji yakifika mazito kwa tope, kuyasafisha ni kazi mara mbili. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mito hiyo ilishuka kwa pamoja. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka, na mawe makubwa kama ng'ombe waliolala yakabaki kwenye mitaa. Baada ya miaka mitatu, Mei 2023, huko Kalehe, kwenye ziwa Kivu, Bushushu na Nyamukubi zilifunikwa, na waliokufa walizidi 400.

Nisieleweke vibaya. Msitu hauzuii kila mafuriko. Miteremko yetu imesimama mno, mvua ile ingeshusha mawe hata kwenye msitu mzima, na watu walikuwa wamejenga ndani ya njia ya mto wakiwa na karatasi za viwanja mikononi, karatasi zilizotolewa na mtu fulani kwa bei fulani. Anayesema "pandeni miti mafuriko yataisha" anawasamehe waliouza kingo za mito. Lakini hakuna pia anayeweza kusema kwamba mteremko uliolimwa mihogo hadi kileleni unashika maji sawa na uliofunikwa na mianzi na miti. Tope hilo halikomi mjini. Linaingia ziwani, linafunika miamba ambamo samaki wengi wa Tanganyika hutaga, na wanasayansi walikwisha kulieleza hilo tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Mkataba wa ziwa Tanganyika, ambao Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia zilitia sahihi mwaka 2003, unahusu bonde lote, milima ikiwemo. Mamlaka yake iko Bujumbura, ng'ambo ya maji tu. Sijawahi kukutana na mtu wa mkataba huo katika kikao cha msitu, wala mtu wa msitu katika kikao cha wavuvi.

Kuwakutanisha kunawezekana. Huko Uluguru, katika muongo wa kwanza wa karne hii, CARE na WWF walianzisha mpango ambamo shirika la maji la Dar es Salaam na kiwanda cha soda walichangia malipo kwa wakulima wa juu waliokubali kutengeneza makinga maji na kupanda miti kwenye chanzo cha Ruvu. Huko Kenya mwaka 2015 ulianzishwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu, ambamo watumiaji wa Nairobi huchangia kutunza vilima vya kahawa na chai ambako maji yao hutoka. Pesa hizi si nyingi, na nina shaka na miradi inayoanza kwa mlipaji kupanga bei peke yake. Lakini kitu kimoja kilibadilika: mnywaji wa maji na mlima wakawa katika karatasi moja. Elinor Ostrom, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2009, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba misitu na mito ya pamoja hudumu pale ambapo wanaoguswa na kanuni wanaweza kuzibadilisha. Kwa kipimo hicho, mama wa Mulongwe anaguswa. Hajawahi kuulizwa.

Nani mwingine hayupo mezani? Mfugaji anayehama. Mipango ya msitu hupenda watu wenye kijiji, wenye mkuu wa lokalite, wenye mhuri. Anayepita na ng'ombe miezi mitatu kwa mwaka haonekani kwenye orodha ya mahudhurio, ingawa nyasi za nyanda za juu ni sehemu ya mpango huo huo. Wanawake huja, lakini huwekwa nyuma, na vikao hupangwa saa za kwenda shambani. Nao ndio wanaojua kuni zimesogea umbali gani tangu waolewe. Batwa huitwa mara nyingi siku za kupigwa picha. Mchimba dhahabu haitwi kabisa kwa sababu kuwepo kwake ni kosa, ingawa shimo lake liko kando ya mto ule ule.

Na wami? Usultani wa Bavira, wa Bafuliiru na wa Nyanda za Ruzizi una nguvu ambayo hakuna kamati itaizidi. Sheria ya ardhi ya 1973 ilisema ardhi yote ni ya serikali, lakini kila mtu huku anajua kwamba bila neno la mwami au la mwenye ukoo hulimi. Mashirika hufurahi kupata sahihi yake, kwani sahihi moja inamaliza kazi ya vikao kumi. Hapo ndipo penye hatari. Mwami anaweza kusema kwa niaba ya watu wake, na anaweza pia kusema kwa niaba ya mfuko wake, na karatasi haionyeshi tofauti. Kanuni ya msitu wa jamii, pamoja na kamati zake zote, iliandikwa kwa kukumbuka jambo hilo. Bado haijajibu jambo lingine lililo chungu zaidi kwetu: nani ni "jamii"? Minembwe, Bijombo, Rurambo, Itombwe: huko kutamka tu kwamba msitu huu ni wa kabila fulani ni kutupa kiberiti kwenye nyasi. Tangu 2017 nyanda za juu zimeungua kwa vita vya makundi yenye silaha, vijiji vimehamishwa, ng'ombe wameporwa kwa maelfu. Watu waliochora ramani kwa fimbo mwaka 2012 wengi wao hawako tena pale walipochorea. Wapo kambini, wapo Uvira, wapo Burundi. Na tangu Februari 2025, Bukavu ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23, hata ofisi ya mkoa ambayo faili zake zinasema nani aliomba nini imekuwa chini ya watawala wengine.

Wapo wanaosema mipango isubiri amani. Mimi siwaungi mkono, kwa sababu misumeno haisubiri. Lakini nakubali kwamba kugawa msitu huku wenye kuugawana wamekimbia ni kumpa aliyebaki na bunduki hati. Linalowezekana sasa ni dogo zaidi: kuhifadhi ramani za kazi ile, nakala kwa kila upande, kwa makubaliano kwamba aliyekimbia hajapoteza mstari wake.

Huku nyuma serikali imekuja na jambo kubwa kuliko yote. Januari 2025 Kinshasa ilitangaza Ukanda wa Kijani wa Kivu hadi Kinshasa, eneo lililohifadhiwa kwa ajili ya jamii, kubwa kupita kilomita za mraba 500,000. Kwa maneno ni msitu, kilimo, umeme na ajira pamoja. Waliolisifu walilisifu huko Davos. Niliuliza hapa sokoni, kwa wauza mihogo na madereva wa pikipiki, kama kuna aliyeitwa kwenye kikao chochote cha ukanda huo. Mmoja alidhani naongelea barabara.

Wiki iliyopita nilipata nafasi ya kutazama moja ya ramani za zoni za mlimani, imelaminishwa, kona moja imeliwa na panya. Mistari imechorwa vizuri, rangi tatu, majina ya vilima kwa lugha za huko huko. Mito imechorwa kwa buluu tangu chemchemi, inateremka mashariki kilima baada ya kilima, mpaka inapofika kwenye mpaka wa hifadhi. Hapo buluu inakoma. Chini yake, mahali ambapo pangekuwa mashamba yetu, mji wa Uvira, mtambo wa maji na ziwa, kuna nafasi nyeupe, na ndani ya nafasi hiyo wameweka ufunguo wa rangi.